Chungu cha Pombe na Chungu cha Uji



Siku moja ya kilo hapa Epulu, tulipokuwa tunapima watoto, mama mmoja aliketi kwenye benchi na mtoto wake mgongoni. Chini ya benchi aliweka bidoni ya manjano. Nilipofika karibu aliifunika upesi kwa kitenge, na wenzake wakaanza kucheka. Nikamwuliza, “Mama, ndani kuna nini?” Akanijibu kwa haya, “Iko pombe ya ndizi, mama muganga. Nikitoka hapa naenda kuiuza kule lori zinasimama.”

Alifikiri nitamgombeza. Lakini mimi nilimwuliza swali lingine: “Umeipika namna gani?”

Hapo uso wake ukafunguka. Alinieleza tangu ndizi kukatwa shambani mpaka povu kupanda, na wamama wengine wakaanza kumsahihisha, kila mmoja na namna ya kwao. Mimi sinywi pombe, wala nyumbani kwetu haikupikwa. Nimefundisha wauguzi miaka mingi, nikasema kwao mara nyingi, “Waambieni wamama pombe ni mbaya,” na siku ile nikaona ya kuwa sijui hata chungu chenyewe kinafanya kazi namna gani. Basi kwa siku zilizofuata nilizunguka na wanafunzi wangu kwa wamama wapikaji, tukaketi nao jikoni, tukaangalia. Karatasi hii inatoka huko. Nusu yake nimefundishwa na wao, nusu nyingine natoa katika kazi yangu.

Vyungu tulivyoviona

Pombe ya ndizi ndiyo iko karibu kila mahali katika nchi zetu. Ukienda Beni, Butembo au Goma utasikia wanaiita kasiksi. Rwanda ni urwagwa. Kule Kilimanjaro, katika Tanzania, Wachaga wana mbege, ya ndizi na ulezi. Kazi yake ni hii: ndizi zinaivishwa, wengine katika shimo lenye majani, wengine juu ya moto mdogo, mpaka ziwe tamu kabisa. Zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Nilishangaa sana juu ya zile nyasi. Nilidhani ni za kuchuja tu, lakini mama mmoja aliniweka mikono ndani nikajaribu bila nyasi, nikapata bandika la ndizi na hakuna maji! Nyasi ndizo zinazotenga maji na nyama ya ndizi. Yale maji ni matamu, na mtoto anaweza kuyanywa bila shida kama maji yaliyoongezwa yalichemshwa. Kisha wanatia mtama au ulezi uliokaangwa na kusagwa, wanafunika, wanaacha siku moja, mbili au tatu.

Pombe ya nafaka ni kazi ya wiki nzima. Mahindi au ulezi unalowekwa, unafunikwa kwa majani mpaka uote, ndipo unaanikwa na kusagwa. Huo unga wa mbegu zilizoota unaitwa kimea. Kule Kenya pombe ya namna hii inaitwa busaa. Shika neno hili kimea, mama, maana nitalirudia mwishoni, na kwangu mimi ndilo lenye faida kuliko yote niliyoyaona katika vijiko hivi.

Pombe ya mchikichi haipikwi. Mgemaji anapanda, anakata, anaweka kibuyu, na asubuhi analeta maji matamu. Mchana yameanza kuuma ulimi. Jioni yamekuwa makali. Kwa hiyo mama anayesema, “Mimi nampa mtoto ile ya asubuhi tu, haina kitu,” anajidanganya kidogo, kwa sababu chachu inaanza kazi palepale kibuyuni, na baada ya saa chache tu kileo kipo.

Na ya nne ni lotoko, ambayo katika Ituri upande wa juu wengi wanaiita kaikpo. Waganda wana waragi, Wakenya chang'aa, Watanzania gongo. Hii ni mtoto wa hizo nyingine: unachukua mahindi na muhogo uliochachuka, unachemsha katika pipa lililofungwa, mvuke unapita katika bomba linalopozwa kwa maji, na unadondoka tone kwa tone ndani ya chupa. Wabelgiji waliikataza wakati wa ukoloni, lakini haikukoma.

Kitu gani kinatokea ndani ya chungu?

Chachu ni kitu chenye uhai, kidogo hata jicho haliwezi kukiona. Kinakaa juu ya ganda la ndizi, hewani, na katika chungu cha zamani ambacho hakikusuguliwa sana. (Ndiyo sababu mpikaji hodari hapendi kuazima chungu chake!) Kikipata utamu, yaani sukari, kinaula. Kinapokula kinatoa vitu viwili: hewa, ambayo ndiyo yale mapovu, na kileo, ambacho ndicho kinalevya. Sukari ikiisha, au kileo kikizidi, chachu yenyewe inakufa.

Nafaka kavu haina utamu, ina wanga. Chachu haiwezi kula wanga. Lakini mbegu inapoota inatengeneza ndani yake dawa ya kuvunja wanga uwe sukari, maana ule mche mdogo unataka chakula. Bibi zetu walijua jambo hili bila kitabu wala shule, wakaotesha mahindi.

Katika pombe ya ndizi au ya nafaka, kileo ni kama sehemu 3 mpaka 6 katika 100. Ni karibu sawa na chupa ya Primus. Katika lotoko inaweza kuwa 50 katika 100, wakati mwingine zaidi. Hesabu nasi, mama: nusu lita ya pombe ya ndizi yenye 5 katika 100 ina mililita 25 za kileo. Glasi ndogo ya chai, ya mililita 50, ikijaa lotoko ina mililita 25 vilevile. Kwa hiyo yule baba anayesema, “Nimekunywa glasi moja tu,” kama ni ya lotoko amekunywa nusu lita, na tumbo lake halikujaa hata kumwambia basi.

Tena pombe ya nafaka ina bado chakula kidogo ndani yake, unga na vitamini za chachu. Lotoko haina. Chakula chote kimebaki chini ya pipa, na nguruwe ndio wanashiba.

Sumu inatoka wapi?

Katika lotoko kuna hatari ambayo haimo katika pombe ya chungu. Pamoja na kileo cha kawaida kuna ndugu yake, jina lake methanoli. Wanafanana kama mapacha: rangi moja, harufu moja, ladha karibu moja. Lakini mwili ukivunja methanoli unapata sumu inayokula mshipa wa macho. Maji yanachemka kwa digrii 100, kileo cha kawaida kwa 78, methanoli kwa 65. Kwa hiyo matone ya kwanza yanayotoka katika bomba yanaweza kuwa na methanoli nyingi zaidi kuliko ya baadaye.

Mpikaji mmoja aliniambia yeye humwaga kikombe cha kwanza chini. Jirani yake akacheka: “Mimi kile cha kwanza ndicho nauza ghali, kinawaka moto bluu!” Mama, moto bluu hauonyeshi kitu. Kileo chema kinawaka bluu, na sumu nayo inawaka bluu. Tena kumwaga kikombe cha kwanza kunapunguza tu, hakuondoi yote.

Lakini vifo vya watu wengi kwa mara moja havitoki kwa kawaida katika mahindi ya mama jikoni. Vinatoka kwa mfanya biashara anayetaka faida ya haraka, anatia ndani methanoli ya viwanda, ile ya kuyeyushia rangi. Mwezi wa 11 mwaka 2000, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wakapofuka. Mwezi wa 4 mwaka 2010, upande wa Kabale katika Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi. Mwezi wa 5 mwaka 2014 tena Kenya, zaidi ya 60. Bidoni inayokuja na lori usiku, bei rahisi kuliko ya jirani yako, wewe hujui ni nani aliyeijaza.

Na ujue dalili zake, kwa sababu zinadanganya. Mtu anakunywa, analewa kama siku zote, analala, anaamka. Baada ya nusu siku, au siku nzima, ndipo kichwa kinauma sana, tumbo linakata, anatapika, anapumua haraka kama aliyekimbia, na anasema, “Naona ukungu,” au “Naona kama mvua nyeupe.” Watu husema ni uchovu wa pombe tu. Sivyo! Mpeleke hospitali saa ileile, usiku au mchana, na ueleze wazi amekunywa nini na lini. Ukificha kwa haya, tunatibu malaria na macho yanakufa. Hospitali ina njia za kuzuia ile sumu kama amefika mapema. Waliokunywa pamoja naye nao waje, hata wakijisikia wazima.

Sasa juu ya vyombo. Niliona pipa moja lililokuwa na mafuta ya mashine, na mwenyewe aliniambia amelisafisha kwa majivu. Harufu bado ilikuwepo! Mapipa ya mafuta na ya dawa za shamba hayasafiki. Rejeta ya gari, ambayo mahali pengine wanaitumia kupoza mvuke, imeungwa kwa risasi, na risasi inaingia katika lotoko na kuharibu damu na akili, hasa za mtoto aliye tumboni. Hata pombe ya kawaida ya ndizi ina uchachu, nayo ikikaa katika ndoo au pipa la bati lenye zinki inakula ile zinki, na wanywaji wanatapika. Chungu cha udongo, au chombo cha plastiki kilichotengenezwa kwa chakula, ni salama kuliko hivyo.

Unga wa Chitima

Wamama waliniambia, “Basi sisi wa pombe ya unga hatuna shida. Shida ni ya lotoko.” Karibu ni kweli. Lakini sikilizeni habari hii.

Mwezi wa 1 mwaka 2015, katika Msumbiji, mji mdogo wa Chitima, jimbo la Tete, watu walikuwa wanatoka mazikoni. Wakanywa pombe ya mahindi ya mama mmoja wa mji, aliyekuwa anapika siku zote na watu wanamjua. Wakaugua 177, wakafa 75. Yule mama aliyepika alikufa naye. Watu wakasema mara moja, “Ni nyongo ya mamba.” Hata magazeti yaliandika nyongo ya mamba. Ninyi pia mmekwisha kusikia habari ya nyongo ya mamba, si ndiyo?

Wenye kupima walichukua ile pombe mpaka maabara za nchi za mbali, na kabla mwaka haujaisha jibu likatoka. Nyongo haikuwemo. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika kwa maji ya mafuriko. Katika unga uliolowa bakteria mmoja alikua, akatoa sumu kali iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu ile haina harufu, haina ladha, na moto hauiondoi. Mama angechemsha siku nzima ingebaki palepale.

Nilipoeleza hayo katika jiko moja, kimya kiliingia. Kisha mama mmoja akasema taratibu, “Mwenye unga ulioloa hautupi. Anapikia pombe.” Wote wakatikisa kichwa. Ndivyo ilivyo hata kwetu, mvua ikipita paa au gunia likilowa juu ya lori. Unga mbaya ambao hatuwezi kuula tunautia katika pombe, kwa sababu pombe inaficha ladha. Naelewa, mama, gunia ni fedha. Lakini unga uliolowa ukapata ukungu, ukabadilika rangi au ukashikana mabonge, usiupikie pombe wala ugali, wala usiwape kuku. Uzike.

Mama mwenye mimba

Hapa sitazunguka. Kileo ni kidogo sana, kinapita kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto. Mama akilewa kidogo, mtoto amelewa kiasi kilekile, lakini ini lake halijui bado kukivunja. Anakaa nacho muda mrefu kuliko mama yake.

Daktari mmoja wa Ufaransa, katika mji wa Nantes, aliandika mwaka 1968 juu ya watoto wa wazazi wanywaji, kwamba wanafanana usoni na hawakui vizuri. Watu wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakaona jambo lilelile wakalipa jina. Kabla ya hapo hata wauguzi na madaktari waliwaambia wenye mimba wanywe glasi kidogo ili wapate damu na usingizi. Ni sisi watu wa hospitali tuliosema hivyo, kwa hiyo usimcheke bibi yako akikuambia maneno hayohayo.

Leo tunajua ya kuwa mtoto aliyenyweshwa tumboni anaweza kuzaliwa mdogo, na kichwa kidogo, au mzima kabisa kwa macho lakini akifika shuleni hashiki masomo, hatulii, anasahau leo alichofundishwa jana. Mwalimu anampiga, baba anamwita mjinga. Ubongo wake uliumizwa kabla hajazaliwa, na hakuna dawa ya kuutengeneza tena. Hakuna kipimo tunachoweza kukuambia, “Mpaka hapa hakuna hatari.” Kama ulikunywa kabla hujajua una mimba, usiketi na hofu. Acha leo. Kila wiki iliyobaki ni faida kwa mtoto. Na ukiwa umezoea kunywa kila siku, mikono inatetemeka asubuhi bila pombe, usiache ghafla peke yako, njoo kwetu kwanza, kwa maana mwili uliozoea hivyo unaweza kushikwa na degedege.

Mpikaji mwenye mimba anauliza, “Na kuonja je? Nitajuaje imefika?” Swali zuri. Mwonjeshaji awe mtu mwingine, dada au jirani asiye na mimba wala mtoto wa kunyonya.

“Inaleta maziwa”

Hili nimelisikia katika kila jiko bila kukosa hata moja. Mama akijifungua wanampa pombe ya ndizi au ya mahindi ili maziwa yashuke. Mama mkwe anaileta mwenyewe kwa upendo, na binti anaona haya kukataa.

Kileo kinafanya kinyume: kinazuia maziwa kushuka vizuri. Mtoto ananyonya mara nyingi, anapata kidogo. Mama anadhani maziwa ni mengi kwa sababu matiti yamejaa, na yamejaa kwa sababu hayatoki. Tena kileo kilicho katika damu ndicho kilicho katika maziwa. Mama aliyekunywa nusu lita anahitaji karibu masaa 5 mpaka maziwa yawe safi. Kuyakamua na kuyamwaga hakusaidii, kwa sababu mengine yanaingia na kileo kilekile. Na jambo moja zaidi ambalo tunaliona kwa huzuni: mama aliyelewa akilala na mtoto mchanga juu ya kitanda kimoja, anaweza kumlalia bila kusikia.

Lakini bibi hakukosea yote. Katika ile pombe kulikuwa na maji mengi na unga. Hivyo ndivyo vinavyomfaa mama, pamoja na kunyonyesha mara nyingi. Mwambie mama mkwe kwa heshima, “Mama, asante, nipe ile ya siku ya kwanza, kabla haijachacha.” Maji matamu ya ndizi, au uji wa ulezi. Ameleta zawadi yake, nawe umeipokea.

Kikombe cha mtoto

Wengine wanampa mtoto machicha, au kijiko cha pombe, ili alale mama aende shamba. Ukweli analala. Lakini ini la mtoto lina kazi ya kutoa sukari mwilini wakati hajala, na kileo kinaifunga kazi hiyo. Mtoto mwembamba aliyelala bila kula, ukimpa pombe, sukari ya damu inashuka, anakuwa baridi, anatoa jasho, anaanza degedege, na anaweza kufa asubuhi huku watu wanasema ni malaria au uchawi. Ukiona mtoto amekunywa, mwamshe. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari, na mlete hospitali. Kama hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, mlaze kwa ubavu, ukimbie naye. Usimpe maziwa ya kutapisha wala mafuta.

Chupa ya lotoko isiwekwe chini, wala katika chupa ya maji au ya soda. Mtoto mwenye kiu haulizi.

Kuna jambo lingine ambalo linanichoma. Mtu amelima shamba la mwingine tangu asubuhi, mara nyingi ni mmoja wa ndugu zetu Wambuti, na jioni analipwa vikombe vya pombe. Anakwenda kambini mikono mitupu. Mke wake na watoto wanamngoja na njaa. Wewe mwenye shamba, mara nyingi ni mama kama wewe unayesoma hapa. Lipa muhogo, ndizi, chumvi, au franka. Mtoto wa yule mtu naye tunampima kilo, na karatasi yake inaonyesha.

Wanaotumia dawa

Maneno machache tu. Flagyl na pombe hazikai pamoja: unaweza kutapika na moyo kupiga mbio, kwa hiyo subiri siku 3 baada ya kidonge cha mwisho. Mwenye dawa za kifua kikuu anaweza kuharibu ini. Mwenye kifafa akinywa, degedege linaweza kurudi hata kama anakunywa dawa yake vizuri. Usiache dawa ili unywe, kama baba mmoja alivyofanya siku ya sikukuu.

Kimea kwa mtoto

Sasa narudi kwa mama wa bidoni ya manjano. Mtoto wake alikuwa na miezi 9, na mstari wa kilo yake ulikuwa umesimama miezi miwili. Anampa uji mara mbili kwa siku. Mtoto ana tumbo dogo. Uji ukiwa mzito anakataa. Mama anatia maji, unakuwa mwepesi, mtoto anakunywa, lakini ni maji karibu matupu. Shida hii iko katika nyumba nyingi za Epulu.

Nikamwuliza, “Kimea unacho nyumbani?” Akacheka, “Kimekosa wapi, mama?”

Fanya hivi. Pika uji mzito, wa kusimamisha kijiko, utie na karanga zilizosagwa vizuri au mafuta ya mawese kidogo. Uondoe motoni, ungoje mpaka kidole kivumilie moto wake. Ukitia kimea uji ukiwa unachemka, ile dawa ya mbegu inakufa na hutapata kitu. Sasa tia kijiko kidogo kimoja cha unga wa kimea kwa kila kikombe cha uji, koroga, hesabu dakika chache. Utaona kwa macho yako uji unalegea, unakuwa mwepesi kama uliotiwa maji, na hukutia hata tone. Chakula chote kimo. Urudishe motoni uchemke tena, kwa sababu unga wa kimea ulikuwa mbichi. Poza, mpe mtoto kwa kikombe na kijiko.

Wamama wa Tanzania wana jambo la karibu na hili, togwa. Wanatia kimea katika uji, kisha wanauacha uchachuke usiku mmoja mahali safi. Uchachu ule wa kwanza si wa kileo kama wa pombe, unafanana na wa maziwa ya mgando, na unazuia wadudu wa kuhara. Lakini ukiuacha siku ya pili na ya tatu, chachu ya pombe inaingia, na hicho si cha mtoto tena. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja mimi napenda uji ulionywewa siku ileile.

Kimea cha mtoto kiwe cha mahindi au ulezi, kisiwe cha mtama, maana miche ya mtama ina sumu kama ile ya muhogo mchungu. Loweka mbegu nzima zisizo na ukungu usiku mmoja, zifunike kwa kitambaa kilicholowa siku 2 au 3, zikitoa mkia wa urefu wa mbegu yenyewe anika juani juu ya mkeka ulio mbali na kuku, sugua mikia itoke, saga. Mkungu mmoja mdogo unatosha mtoto mwezi mzima. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, tupa.

Mama yule alirudi siku ya kilo iliyofuata. Bidoni ilikuwepo chini ya benchi, sikumwuliza. Mtoto alikuwa ameongeza gramu 400, na wamama wanne wa benchi lile walikuwa wamekwisha kumwomba kimea.